Bawaba ya Mlango kwenye Usukani wa Baba

Mwanangu, siku niliyomwaibisha baba yangu mbele ya watu naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na mama yako asisikie hilo. Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nyumbani kwetu Mbweni, lakini kazi nilikuwa naifanya Chang'ombe, kwenye karakana ya seremala mmoja. Nilikuwa fundi wa milango na madirisha. Milango yangu ilifunga bila kelele, na majivuno niliyokuwa nayo yangewatosha vijana watatu.

Baba alikuwa nahodha wa ngalawa aliyoimiliki pamoja na kaka yake, baba mkubwa. Mwaka ule alianguka kwenye mwamba, goti lake la kulia likakakamaa, halikunjiki tena. Ngalawa ni nyembamba, na nahodha hukaa nyuma amekunja magoti, ameshika kana, yaani ule mti mfupi wa kugeuzia usukani. Baba hakuweza tena kukaa hivyo.

Baba mkubwa akamwita, mimi nipo. "Mdogo wangu," akamwambia, "ngalawa ni yetu sote, lakini sitaki mtu azame. Jumamosi itoe mpaka nje ya mwamba, uibishe, yaani uigeuze tanga kuukabili upepo, uirudishe. Ukishindwa, Shomari atashika usukani."

Shomari ni mwanawe. Baba akajibu, "Haya, kaka." Mimi nilimjua. Alianza kushika usukani hajaota ndevu. Kumkalisha barazani angoje kuletewa samaki kulikuwa kumzika akiwa hai.

Njia ilikuwepo. Tungeweka ubao juu ya mirengu, ile miti inayotoka ubavuni mwa ngalawa, naye akae pale amenyoosha mguu. Tatizo, kutoka pale mkono wake haukufika kwenye kana. Ulitakiwa mti mwingine wa kuirefusha. Nikasema, "Hilo niachie mie, baba."

Nikachagua mninga, kwa sababu ni mbao ya kuonewa wivu. Nikaupiga randa, nikaupaka vanishi mara mbili. Urefu nikaupima palepale karakanani, kwa mkono wangu mwenyewe. Kuunga na kana nikatumia bawaba ya shaba, ya milango ya matajiri, nikakaza skrubu mpaka zikalia. Baba aliugeuzageuza, akaniuliza, "Unanyanyuka?"

"Baba, huo hautikisiki hata kidogo," nikamjibu. Nilidhani nimeusifia.

Jumamosi watu walijaa pwani. Tulitoka baba, mimi na Shomari. Kwenda kulikuwa kuzuri, nikaanza hata kutabasamu. Tulipofika mahali pa kugeuza tanga, wimbi likanyanyua upande aliokaa baba. Yeye akapanda na mti ukatakiwa upande naye, lakini bawaba ya mlango huenda kushoto na kulia tu. Skrubu zikang'oka. Baba akabaki na mninga wangu mkononi, ngalawa ikazunguka, tanga likapiga upande wa pili, tukasukumwa mpaka maji machache mbele ya macho ya kila mtu. Baba mkubwa akaingia majini mwenyewe kutuvuta kwa kamba.

Baba hakunigombeza. Alinirudishia ule mti na kuniambia taratibu, "Mwanangu, umenitengenezea mlango. Mie sikuwa naingia chumbani."

Nililia, nami sioni haya kukuambia. Kisha nikajifuta uso nikamwendea baba mkubwa. "Kosa ni la mkono wangu, si la mkono wake. Tupe Jumamosi nyingine." "Moja tu," akasema.

Wiki ile sikwenda Chang'ombe kabisa, na bosi wangu alinifokea baadaye mpaka akachoka. Nilimkalisha baba kwenye ngalawa ikiwa mchangani, nikamwomba afanye kama yuko baharini. Mimi nikafunga mdomo nikatazama. Kumbe mkono wake hupanda na kushuka na mwili. Kumbe akihama upande, mti lazima upite bila kunasa kwenye kamba ya tanga. Nilikuwa nimeishi naye miaka ishirini na sikuwahi kuyaona hayo.

Nikakata mwanzi, mwepesi, mrefu kupita kiasi kwa makusudi, nikawa naupunguza kidogo kidogo, kila mara naye ameushika. Nikaacha ulipomfikia kifuani na kupita kamba bila kunasa. Kuunga nikachukua kipande cha mpira wa baiskeli yangu, nikakikunja, nikakifunga kwa kamba upande huu kwenye kana na upande ule kwenye mwanzi. Ukivuta, haukatiki. Ukinyanyua, unakwenda. Pa kushikia nikazungushia uzi wa mshipi wa kuvulia ili mkono uliolowa usiteleze. Kwa fundi wa milango ilikuwa kazi ya kuficha.

Jumamosi ya pili upepo ulikuwa mkali zaidi, na Shomari akashauri tuahirishe. Baba akamwambia apande. Tulitoka nje ya mwamba, baba akaibisha ngalawa mara tatu, mara moja ilitosha, hizo mbili alikuwa anajionea raha tu. Tuliporudi, baba mkubwa alimwambia mwanawe, "Shomari, wewe utakaa mbele." Baba alishika usukani miaka minne mingine.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukitaka kumsaidia mtu, usianze na ufundi wako. Mkalishe, mtazame anavyojongea, umpime yeye, ndipo ushike msumeno. Na ukikosea, sema umekosea, kisha urudi kazini siku ileile.

Nimekueleza yote haya kwa ajili ya fimbo uliyoniletea jana. Ni nzuri, inang'aa, na najua umeichagua kwa mapenzi. Lakini imenipita urefu, bega linaniuma. Mungu akubariki kwa moyo wako, akupe mikono isiyochoka, na akujaalie watoto watakaokutazama kabla ya kukusaidia. Haya, lete msumeno. Nasimama hapa, nimejinyoosha kadiri niwezavyo. Nipime.