Kijiko cha Kahawa

Mwandishi wa mapishi wa mji wetu mdogo katika jimbo la Minnesota, Marekani, hunusa sahani kabla ya kumsalimu mpishi. Mapishi yake huibwa mtandaoni kila kukicha, jina lake likifutwa, basi siku hizi hutega mitego. Kwenye maelezo ya viazi vya kuoka aliyoyaweka mtandaoni aliongeza kijiko cha kahawa, upuuzi mtupu ambao mwenyewe hajawahi kuupika. Jumapili, kwenye chakula cha kanisani, akanusa viazi vya jirani yake Marlys, macho yakamng'aa.

"Marlys, humu mna kahawa?"

"Eh! Siri ya marehemu bibi yangu hiyo. Usimwambie mtu!"

Watu walikomba bakuli lote. Wivu ukamkaba mwandishi, na Jumapili iliyofuata naye akaleta vyake, kahawa ndani. Mchungaji akaonja, akamwinamia sikioni: "Vitamu, mama. Lakini ungesema basi kwamba ni vya Marlys."