Fahali kwenye Waya wa Bisil

Nashipae alikulia juani. Mama yake huuza maziwa katika soko la mifugo la Bisil, na utotoni kazi yake ilikuwa kuyasogeza madumu kila kivuli cha mwavuli kilipohama. Basi soko lilipoanza kujengewa paa, naye sasa ni fundi wa nyaya huko Kitengela, aliomba awe kwenye kazi hiyo.

Paa halikuwa na nguzo katikati, ili ng'ombe wapite bila kugonga kitu. Lilining'inia kwa nyaya nene za chuma zilizopita juu ya nguzo za pembeni, zikateremka nyuma yake na kushikwa na zege ardhini. Nyaya hizo hukazwa kidogo kidogo, upande huu kisha ule unaoukabili. Ukiumaliza mmoja kabla ya mwenzake, nguzo huinama na paa likapinda nayo.

Asubuhi hiyo Muteti, bosi aliyemfundisha kazi, alimkabidhi jeki ya kukazia nyaya kwa mara ya kwanza.

"Leo mimi ni mtazamaji," akasema. "Ukiharibu, sikujui."

Nashipae alikaza, akasoma kipimo, akahamia ng'ambo. Kwenye waya wa mwisho mshale wa kipimo ukakataa kutulia. Ulipanda na kushuka kama kitu kinachopumua. Wenzake wakamhimiza amalize, upepo ulikuwa unaanza. Yeye akaiacha jeki, akaufuata waya hadi nyuma ya nguzo.

Fahali mwekundu alikuwa amefungwa kwenye waya huo, akijikuna shingo kwao kwa raha zake. Mwenyewe, Mzee Sankale, alikuwa ameegemea fimbo kando yake.

Nashipae alivua kofia ya kazi, akainamisha kichwa. Mzee akamgusa utosini, akamsalimia kwa Kimaasai.

"Takwenya."

"Iko," akaitikia, kisha akamweleza shida yake.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. "Mtoto wangu, mmeweka kamba nzuri hivi sokoni, mimi ningefunga ng'ombe wapi tena?"

Hata hivyo alimfungua fahali wake. Hakwenda mbali, alisimama palepale na fimbo, akimfukuza kila aliyekuja na mnyama, mpaka mshale ukatulia na waya ukakazwa. Muteti alikifuta kipimo vumbi, akakitia kwenye mkoba wa Nashipae badala ya wake.

Siku ya soko iliyofuata, mama yake hakukiuza kikombe cha kwanza cha maziwa.

"Mpelekee yule mzee wa fahali," alimwambia Nashipae, na mchana kutwa, chini ya paa, hakuyasogeza madumu yake.