Gogo Tulilolikuta kwenye Fremu

Mjukuu wangu alipopata fremu Kariakoo alinipigia simu nyumbani mlimani, akasema, "Bibi, njoo unipikie mtori wetu wa ndizi na nyama miezi miwili mitatu, mpaka wateja wazoee." Nilikuwa sijawahi kukaa Dar. Nilishapita mara moja tu, kwenda hospitali na kurudi, na nilichokiona siku hiyo kilikuwa dirisha la gari. Nikafunga kanga zangu, nikamwachia jirani kuku, nikaja.

Fremu ilikuwa chini ya jengo la ghorofa, katika mtaa wa maduka ya vitambaa. Chumba kimoja kirefu, jiko nyuma, mlango mpana mbele. Dalali alisema mpangaji aliyetangulia alikuwa na grocery, aliuza bia na nyama, kisha akahama. Alichoacha ni jina lake, limeandikwa kwa mkaa ukutani karibu na swichi, na gogo. Gogo la mkwaju, la kukatia nyama, linanifika magotini, pana kiasi kwamba mikono yangu haikutosha kulizunguka. Juu lilikuwa limelika katikati kama sahani. Mjukuu alitaka kulitupa. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema gogo la namna ile halipatikani siku hizi, na aliyeliacha hajui alichoacha. Tukaliweka mlangoni penye mwanga, na kila asubuhi nilikaa pale nikikata nyama ya ng'ombe, mtaa wote ukipita.

Naandika haya bila majina. Siyo kwamba nimeyasahau. Nilisoma mpaka darasa la nne na sikuwa na sifa yoyote darasani ila hiyo: mwalimu akipoteza daftari la mahudhurio, ananiita mimi niwaite watoto kwa kichwa, pamoja na baba zao. Hata sasa, mtu akinitajia jina mara moja limekaa. Hapa siyaweki kwa sababu wengi wao bado wanapita mlangoni kwetu.

Wateja walikuja, lakini ni wapita njia: watu wa mikoani waliofuata mzigo, wenye mabegi makubwa. Walikula, wakasifu, wakaondoka, hatukuwaona tena. Watu wa mtaa wenyewe hawakuingia. Salamu walitoa vizuri.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Mangi wa kike, biashara inaendaje?" Hapo wanamsemesha mjukuu; Mangi ndilo jina wanalompa kila Mchaga mwenye biashara.

"Nzuri, karibuni mtori."

"Tutakuja."

Hawakuja. Mjukuu alikuwa ameacha kazi ya duka kwa ajili ya fremu ile, na kodi ya miezi sita alishalipa. Baba yake, mwanangu, alimwambia miezi hiyo ikiisha bila wateja afunge, arudi nyumbani. Mwezi wa pili ulikuwa unaisha. Jioni nilimwona akimwaga mtori uliobaki, anakwangua sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

Nikamwambia, "Mtu asipokula kwako, tazama anakula wapi." Akasema, "Bibi, utapotea." Nikapotea kweli. Siku ya kwanza niliweka alama kwa mwuza ndoo pembeni mwa barabara. Nikarudi, pale pa ndoo kuna viatu, na mwuza viatu anaapa hajawahi kuona ndoo mahali pale. Kariakoo alama ya mtaa inatembea kama wewe. Nikajifunza kutazama juu, kwenye maghorofa na nguo zilizoanikwa, maana huko juu hawahami haraka.

Mchana, kazi ya jikoni ikipungua, nilikuwa natoka. Niliwafuata wasichana watatu wa duka la vitambaa lililo mkabala na sisi. Walipita mlangoni kwetu, wakavuka barabara ya Msimbazi, wakaenda mpaka mtaa wa Gerezani, kwenye spea za magari, wakakaa kwa mama lishe mmoja chini ya turubai. Nikakaa nao. Wali ulikuwa na mawe, maharage hayajaiva. Wakala wakamaliza. Ijumaa niliingia kwenye hoteli ya biriani, feni zinalia juu, wazee wa kanzu wanakula bila kuongea. Biriani ilikuwa nzuri, hilo nalisema. Nilikula pia chapati za kahawani, na mihogo ya kukaanga ya mama mmoja Mnazi Mmoja ambaye hakutaka kunitajia jina mpaka nilipomtajia langu.

Nikafika mpaka Feri, kwa miguu, nikipumzika kila penye kivuli. Samaki wanapigwa mnada, kelele. Kijana mmoja akaniuliza, "Bibi, unapandisha bei au unashangaa?" Nikamwambia nashangaa. Huko kwa wakaanga samaki nikamkuta mwenye duka la vitambaa la mkabala, bosi wa wale wasichana watatu. Ni Mwarabu wa hapa hapa mjini, amezaliwa mtaa ule, na mama yake mzee anakaa ghorofa ya pili juu ya duka. Alikuwa amesimama, shati jeupe, anakula samaki changu kwenye gazeti. Mtu mwenye duka lile, kuacha mlango wangu na kutembea juani mpaka baharini.

Nilimwita kwa jina lake na la baba yake. Akageuka na mwiba mdomoni.

"Bibi! Umenijuaje mpaka baba?"

"Ulijitaja siku niliyofika."

Akanipa nusu ya samaki, nikapokea. Nikamuuliza mbona haji kula kwetu. Akafuta mikono, akatazama maji.

"Bibi, mimi siwezi kukwambia. Muulize aliyekuwepo."

Aliyekuwepo nilikuwa na jina lake, la ukutani. Dalali alisikia tu kwamba kahamia upande wa Gerezani. Nikaanza kuzunguka kwenye grocery za huko, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ya kwanza, wanaume watano wakashusha chupa chini ya meza kama wanafunzi.

"Bibi, babu katoka sasa hivi tu!" mmoja akapiga kelele. "Ukikaza mwendo unamkuta!"

"Babu alishafariki," nikasema. "Ukimwona kweli, nijulishe."

Wakacheka mpaka mwingine akasimama kunipa kiti. Hawakumjua niliyemtafuta. Ya pili hawakunisikia kwa muziki. Ya tatu ilikuwa nyuma ya gereji, moshi wa nyama, viti vya plastiki, na mtu mnene amesimama kwenye gogo jipya la mti laini lililokwisha kupasuka.

"Shikamoo bibi. Karibu, kuna mbuzi, kuna kitimoto."

"Marahaba." Nikamwita kwa jina. Kisu kikasimama.

"Nani kakupa jina langu?"

"Ukuta. Uliliandika karibu na swichi."

Alipoelewa natoka wapi, swali lake la kwanza halikuwa juu yangu. "Gogo langu lipo?"

"Lipo. Nakatia nyama ya ng'ombe."

"Unakatia wapi?"

"Mlangoni, penye mwanga."

Akaweka kisu chini ili acheke vizuri. "Mlangoni! Bibi, lile gogo halijawahi kuona ng'ombe. Miaka yote niliyokaa pale ni kitimoto tu. Mtaa mzima unalijua kuliko unavyonijua mimi." Akaniambia mwenye nyumba aliporudi kutoka hija Maka hakutaka tena nguruwe kwenye jengo lake, akampa siku chache ahame. Gogo lilikuwa zito, wa mkokoteni alikataa, akaliacha.

Niliagiza soda. Kwetu nguruwe ni nyama kama nyama nyingine, na bila yeye sikukuu haijawa sikukuu. Kwa hiyo sikushtuka kwa nguruwe. Nilikuwa namfikiria mtu mmoja wa Kigoma, mwenye kanzu na kofia, aliyekula bakuli mbili kwetu, akanishika mkono, akaniombea dua. Jina lake nilikuwa nalo. Na majina ya wengine kama yeye, tisa, niliyahesabu pale. Soda niliinywa yote.

Sikurudi kwenye fremu moja kwa moja. Nilipanda ngazi za jengo la mkabala, kwa yule mama mzee wa ghorofa ya pili. Tulikuwa tukipungiana mikono tu, yeye kwenye kibaraza chake na vyungu vyake vya mrehani, mimi kwenye gogo langu. Magoti yake hayakumruhusu ngazi tena. Nilivua ndala, akanimiminia kahawa ya tangawizi.

"Mchaga, leo umepanda."

"Nimepanda."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sisi tulidhani mnajua. Nani atakatia nyama kwenye gogo lile asijue?"

"Mbona hamkusema?"

"Nikwambie nini? Chungu chako najisi? Jirani haambiwi hivyo."

"Na waliokula?"

"Asiyejua, Mungu anamwona kwamba hajui." Akaniongezea kahawa. "Sasa unajua wewe."

Nikamuuliza kama kuna kuosha. Akasema kwao vyombo vinaoshwa maji mara saba, na moja katika hizo ni kwa udongo safi. Sakafu vivyo hivyo, na meza, na visu. "Lakini gogo usihangaike nalo. Gogo limekunywa."

Mjukuu nilipomwambia alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kisha akasema, "Tulitoe usiku, Bibi. Tupake rangi, tununue vyombo vipya. Tusimwambie mtu."

"Likitoka usiku, nani ataona limetoka?"

"Watatucheka."

"Wameshacheka. Sisi ndio hatukusikia."

Hakufurahi. Lakini alifunga jiko kesho yake, na mimi nikatoka kutafuta udongo. Safari zote nilizotembea mjini, hiyo ndiyo iliyonichosha. Kariakoo yote ni saruji. Gerezani udongo upo, mweusi wa oili. Feri kuna mchanga, umejaa magamba. Mnazi Mmoja niliinama penye maua na mlinzi akaja mbio. "Bibi, unachimba nini hapo? Umezika nini?" Nikarudi na mfuko mtupu. Mwanamke niliyelima maisha yangu yote nimekosa udongo wa kujaza bakuli.

"Mchaga!" Ilikuwa sauti ya juu, kibarazani. "Mfuko huo mtupu wa nini?"

Nikasema. Alicheka, akaingia ndani, akakaa kidogo. Kisha kikapu chake kikashuka kwa kamba, kile anachoteremshia wauza mboga. Ndani yake kulikuwa na udongo, umepepetwa, na mizizi miwili mitatu ya mrehani imebaki humo.

Mwenye gogo nilimpelekea habari aje alichukue, naye alikuja siku ya pili, saa nne asubuhi, na mkokoteni na wapagazi wawili. Alilipigapiga kama mtu anayempapasa ng'ombe. Wakalibiringisha nje, na mtaa ukatoka kwenye maduka.

"Linahama hilo!"

"Lipisheni, lina wadhifa!"

"Mangi, mbona hulisindikizi?"

"Nalisindikiza kwa macho," mjukuu akajibu, na hapo ndipo nilipomwona akicheka mara ya kwanza kwa wiki kadhaa. Mkokoteni ukakata kona ya Msimbazi, ukapotea.

Tukaosha fremu yote, mlango ukiwa wazi. Tulianza na udongo, kisha maji. Yule mama alisimama kibarazani na tasbihi yake na kutuhesabia kwa sauti, watu wakipita wanatazama juu, wanatutazama sisi. "Ya tatu! Huko pembeni hamjafika. Ya nne!" Nilipofikiri tumemaliza akasema, "Bado mbili, usinidanganye, nahesabu." Jioni vidole vyangu vilikuwa vimejikunja kama vya mtoto mchanga. Pale lilipokaa gogo sakafu ilikuwa na duara jeupe. Tukaweka pipa la maji ya kunawia.

Siku ya kwanza hakuja mtu wa mtaa. Ya pili, hakuna. Ya tano mwenye duka la vitambaa alikuja na bakuli lake mwenyewe kutoka nyumbani, akachukua mtori, akaenda kula dukani kwake. Nilimjazia. Kesho yake akaja na bakuli lile lile. Wasichana wake watatu walikuwa wakimtazama kutoka ng'ambo.

Siku ya nane, adhuhuri imeshaswaliwa, nilisikia watu kwenye ngazi za mkabala. Yule mama mzee alikuwa anashuka, mwanawe mbele, msichana mmoja wa nyumbani kwake nyuma, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Walivuka barabara taratibu na pikipiki zikasimama. Akaingia kwetu, akanawa kwenye pipa, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, pale pale penye mwanga, mahali ambapo kila apitaye lazima amwone.

"Nipe mtori," akasema. "Kwenye bakuli lako."

Mjukuu alileta. Mama mzee akapiga bismillahi, akanywa kijiko kimoja, cha pili, cha tatu. Huko nje wasichana watatu walishavuka barabara na kusimama kizingitini.

"Mchaga," akasema, "mtori wako umepungukiwa chumvi."

Haukupungukiwa. Nikamletea chumvi.