Salamu za Ijumaa

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na wiki yake huijua kwa redio. Jumatatu ni kipindi cha kilimo, naye hubishana na mtangazaji kuhusu mbolea, ilhali hana hata kopo la maua. Jumatano ni afya; siku hiyo hautajwi ugonjwa yeye asiuumwe. Ijumaa ni salamu, na hapo hata cherehani hunyamaza.

Wiki hii alinuniana na mumewe, fundi saa. Chumba cha kazi ni kimoja, wamepeana migongo, na mimi ndiye tarishi.

“Mwambie huyo chakula tayari.”

“Mwambie nimesikia.”

Jamani, watu wazima hawa! Nilichoka hadi basi.

Ijumaa ikafika. Mtangazaji akasoma: “Fundi saa anamsalimu mkewe, fundi cherehani. Anasema, nisamehe, mama watoto. Halafu chai ya leo haikuwa na sukari.”

Shangazi akazima redio. Siku ya Ijumaa!

“Baba watoto, si ungegeuka tu ukaniambia?”

“Ungenisikia? Humu ndani anayesikilizwa ni redio.”