Meza ya Asiyerudi

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana nikizungukazunguka mtadhani namtafuta wa kumtwisha lawama: mimi, mtu mzima mwenye mvi, niliwahi kukaa kwenye kiti cha marehemu na kumlia limau lake, mbele ya wanajeshi. Hata leo nikiandika haya masikio yanawaka.

Ilikuwa miaka ile ya vita vya Iraki. Tulikuwa tunaishi ugenini, mji wa Laurel, jimbo jirani na Virginia, mimi nabeba maboksi kwenye ghala la Landover, na binti yangu Neema, wa miaka kumi na saba, alikuwa amekubaliwa vyuo viwili: kimoja cha karibu na nyumbani, cha kawaida tu, na kingine upande wa Virginia, ambako mwanafunzi anasoma huku anafunzwa uafisa wa jeshi, na akimaliza ni mali yao kwa miaka kadhaa. Yeye alitaka hicho cha pili. Mimi sikutaka, ila (nimeishia darasa la saba, nikibishana na Neema nashindwa kabla sijakaa vizuri) nikamwambia, "Nikione kwa macho yangu, nisiporidhika sisaini." Kwa umri wake, bila saini ya mzazi fomu haiendi.

Basi Jumamosi asubuhi, siku ya wazazi kutembezwa chuoni, jirani yetu Njoroge, Mkenya, akatupeleka kwa gari lake. Ukungu ulishuka mpaka kwenye lami, magari ya mbele tunayaona taa tu. Na niseme ukweli wote: njiani niliomba kimoyomoyo kitu kiharibike. Sikutaja kitu gani.

Ukumbini wazazi walikuwa wanapata kifungua kinywa, viti vimejaa, na goti langu la maboksi linauma. Pembeni nikaona meza ndogo ya duara, kitambaa cheupe, waridi moja, mshumaa, sahani yenye kipande cha limau na chumvi kidogo, glasi imefunikwa kifudifudi, na kiti kimoja kitupu. Sasa kwetu Singida glasi iliyofunikwa maana yake imekingwa inzi na vumbi, inamsubiri mgeni, na mgeni si ndiye mimi? Ila kuna jambo nililiona nikalipuuza: watu waliipita ile meza kwa mbali, wakiizunguka, kama unavyomzunguka mtu aliyekaa anakula.

Nikakaa.

Kiti kilikuwa na joto, kama mtu kanyanyuka sasa hivi. (Huenda chini kulikuwa na bomba la hewa ya moto, sikuinama kuangalia, sitaki kuwasingizia.) Nikaifunua glasi, nikamimina maji ya chupa yangu, nikachovya limau kwenye chumvi, nikang'ata. Ndipo ukumbi ukaanza kunyamaza, na haukunyamaza kwa mkupuo, ulizimika meza baada ya meza, kuanzia karibu yangu kwenda mbali, mpaka nikawa nasikia meno yangu yanavyotafuna ganda.

Njoroge akaja mbio ameinama. "Mzee, simama. Pole pole. Hiyo si meza ya chakula, ni ya wale wenye walienda na hawakurudi."

"Walienda wapi?"

"Vita, mzee! Sasa umekula ndimu ya maiti, ngoja akuje kuidai."

Nikanyanyuka kwa pupa, kiti kikaanguka, maji yakamwagika. Akaja afisa mmoja, mama wa makamo aliyevaa sare, na kwa haki kabisa niseme sikuona kwake hata chembe ya dharau. Akanieleza taratibu: chumvi ni machozi ya ndugu wa huyo asiyerudi, limau ni uchungu wa yaliyompata, glasi imepinduliwa kwa sababu hawezi kunywa nasi.

"Ni nafasi ya nani?" nikauliza, kwa Kiingereza changu cha ghala.

"Ya yeyote," akasema. Wakati anajibu hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama Neema.

Neema alikuwa ameshakiinua kiti. Akafuta maji, akanyoosha kitambaa, akaomba kipande kingine cha limau, akakiweka mahali pake hasa, polepole, kama anavyonitengea chakula nyumbani. Sikujua nani kamfundisha. Mwisho akaipindua glasi. Mlio wake mdogo ule, mdomo wa glasi ukigusa meza, nausikia hata sasa.

Binti huyu siku zote nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Siku hiyo alinijibu Kiswahili.

"Baba, ungesema tu hutaki."

"Mwanangu, sikujua. Haki ya Mungu."

"Umekuja kuharibu."

Ningebisha, lakini na ile dua ya njiani je? Nilichokiona cha kumthibitishia ni kimoja tu, nikaomba ile fomu na kalamu. Nikasaini palepale, mate yamejaa uchachu. Chuo kizima sijatembezwa, swali hata moja sijauliza. Neema akanikumbatia mbele za watu, nikalia, wakadhani ni furaha.

Mpaka leo sijui kama nilisaini kwa ridhaa au kwa aibu, na naona si haki kujichagulia jibu linalonipendeza. Neema alimaliza, akavishwa cheo, akapelekwa huko huko vitani. Jumapili anapiga simu, zile anazoweza.

Mimi sikai tena mahali palipoandaliwa kabla sijauliza mwenyewe ni nani. Na nyumbani nikiosha glasi naziacha zote zimetazama juu. Mke wangu, Mama Neema, analalamika zinaingia vumbi. Liingie.