Matundu Manne ya Kifungo

Juu ya paa la nyumba ya shangazi yangu kuna bustani isiyo na udongo. Ukimaliza ngazi arobaini na moja (nimezihesabu mara mbili) unakuta mabomba meupe yamelazwa kama watu waliopitiwa na usingizi wa mchana, na kila tundu limeota letusi. Maji hupita humo taratibu. Ukiweka sikio unasikia kama mtu anayenong'ona ndotoni. Mimi huweka sikio kila nikifika.

Miaka kumi na tisa shangazi alishona makoti kiwandani. Kazi ikampa jina la Fundi, ikamla macho. Siku hizi tundu la sindano hulitafuta kwa kupapasa. Alipoacha aliapa harudi kwenye cherehani, labda letusi zimkatae. Jumatatu mpishi wa kantini ya shule yetu angekuja kuziona. Akizipenda, angechukua kila wiki. Asipozipenda, kiti cha kiwandani kilikuwa kinamngoja.

Chakula cha letusi hukaa kwenye madumu mawili. La kifuniko chekundu lina kalsiamu. La buluu lina salfeti na fosfeti.

"Hawa ni mawifi," shangazi aliniambia siku ya kwanza. "Wakikutana kwenye nyumba kubwa, wanasalimiana vizuri tu. Wafungie chumba kimoja uone."

Mama, ambaye ni wifi yake, hakucheka.

Nyumba kubwa ni pipa lililojaa maji. Shangazi hutia kipimo cha dumu jekundu, hukoroga, husuuza jagi, ndipo hutia cha buluu kidogo kidogo. Mwisho hushusha kwa uzi kifungo cheupe cha koti mpaka chini ya pipa, na kumwita yeyote mwenye macho aliye karibu. Matundu manne yasipoonekana, pampu haiwashwi.

Jumamosi shangazi alikuwa amejilaza. Mume wake, tunayemwita Dereva ingawa basi alishaliacha, aliamua kumsaidia. Magoti yalikuwa yanamsumbua, akaona hakuna haja ya kupanda na madumu mawili. Akamimina la buluu ndani ya jekundu, akapanda na moja, akalimwaga lote pipani, akawasha pampu.

Mimi ndiye niliyesikia mnong'ono umekatika.

Maji yalikuwa meupe, kama ukungu uliopotea njia ukaingia pipani. Chini mashapo laini yalikuwa yanatua polepole, bila haraka yoyote. Nilijua ni balaa, lakini sikuweza kuacha kuyatazama. Chujio la pampu lilikuwa limejaa uji wa chokaa. Nikamwita shangazi apande.

"Dereva, umewafungia chumba kimoja," shangazi akasema.

"Walikaa kimya, Fundi. Nikajua wanaelewana."

"Wifi akinyamaza ndiyo ukimbie."

Jua la saa sita lilikuwa utosini, na majani ya pembeni yalishaanza kulegea. Chumvi kavu za kutengenezea chakula kipya zilibaki za pipa moja tu, na duka lisingefunguliwa mpaka Jumatatu. Tulimwaga maji yote, tukasugua chujio kwa mswaki, tukajaza pipa upya. Shangazi akayeyusha kila chumvi kwenye ndoo yake, kwa maji ya vuguvugu. Akatia ya kwanza. Akakoroga huku akihesabu mpaka mia, na Dereva akihesabu naye chini chini kama anayeomba radhi. Akasuuza jagi mara mbili. Akatia ya pili, uzi mwembamba kabisa, na kila tone lilifungua moshi usio na rangi kisha likayeyuka.

Akashusha kifungo. Nilisogea, lakini hakuniita mimi.

"Dereva, njoo. Unaona nini?"

Akapiga magoti, yale yale mabovu.

"Naona kifungo."

"Kifungo hata mimi nakiona. Matundu?"

Akakaa pale muda mrefu, pua karibu iguse maji.

"Manne, Fundi."

"Washa."

Mnong'ono ukarudi bomba baada ya bomba. Kufikia jioni majani yalikuwa yameinuka.

Jumatatu mpishi alivunja jani moja, akalitafuna akiangalia juu, akauliza, "Kila wiki utaweza?"

"Nitaweza," shangazi akasema.

Nyuma yake Dereva alikuwa anamaliza ngazi, akihema, dumu moja kila mkono.