Alama Tatu Chini ya Rakori

Waliniita mwizi juu ya kitu kinachoingia ndani ya kiganja. Mimi, mutu wa mvi, niliyebatizwa kabla huyo shefu wa depo hajazaliwa, nikasimamishwa mbele ya mupishi, walinzi, mashofere na mama wa kufagia, nikaambiwa nimeiba rakori, kile kiungo kinachoshikisha mupira wa maji kwa bomba. Hasira yake haijaniisha mpaka leo. Kama herufi zangu zinapinda munisamehe, nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primere tu, kisha baba akasema shamba halijilimi lenyewe.

Kazi yangu ni kusafisha madirisha ya biro, ofisi moja kubwa hapa Kasongo, nyumba ya etaji, ghorofa juu ya ghorofa. Vioo mbele, vioo nyuma, vioo mpaka kwa ngazi. Sijui aliyeijenga alifikiri nini. Vioo, na hili vumbi letu! Kiangazi pikipiki moja ikipita, kioo ulichosafisha saa mbili, saa tatu kinafanana na ukuta wa udongo. Zamani nilipanda ngazi na ndoo. Nikaanguka mara mbili. Mara ya pili jino likabaki chini, na hilo pengo wajukuu wangu wanaliita mulango wa kanisa, kwa vile liko wazi kila siku.

Baadaye wakubwa wakaleta fimbo ndefu yenye brosi juu. Maji yanapita ndani ya tiyo, ule mupira murefu, yanapanda ndani ya fimbo, yanatokea kwenye brosi, na wewe umesimama chini kama bwana. Shida ilikuwa pale tiyo inapokutana na robine, bomba la ukutani. Tulifunga na kamba za mupira wa ndani wa baskeli, unavuta, unazungusha, unakaza na meno. Ikifunguka, umeoga na nguo. Na kuhama kutoka robine ya mbele kwenda ya nyuma, asubuhi nzima inaisha bule.

Ndipo rakori ikafika, ya shaba ya njano. Iko na vipande viwili, mafundi wanaviita mume na muke. Mume unamukaza kwa robine, muke unamukaza kwa mudomo wa tiyo. Ukisukuma huyu ndani ya yule, inasema ka! Imeshika. Ukivuta pete yake nyuma, inaachia, na maji yanajifunga yenyewe ndani, hata tone halianguki. Siku ya kwanza nilifunga na kufungua, nilifunga na kufungua, peke yangu, nikicheka. Mupishi akaniona kwa dirisha la jikoni.

“Papa, umeoa tena?”

“Nimeoa,” nikajibu, “na huyu akifungwa mudomo ananyamaza.”

Maneno hayo yakamufikia mama watoto, na siku mbili nilikula ugali bila mboga. Lakini hiyo ni habari yangu na yeye.

Basi, nikafanya vile tunavyofanya kwetu, upande wa Kabambare. Kwetu kila nyumba iko na alama yake. Baba alichoma alama tatu chini ya kibuyu chake cha malafu, pombe ya muchikichi, na mimi nilipiga nukta tatu na musumari chini ya ule muke wa rakori. Musifikiri alama inasema kitu ni changu peke yangu. Kibuyu kinaazimwa, kinakwenda matanga, kinakwenda harusi, kinapita vijiji vitatu. Siku moja mutu anakigeuza, anaona alama, anasema, aa, hiki ni cha kwa fulani, mukirudishe. Kitu chenye alama kinajua njia ya kwao. Na hicho kibuyu cha baba kilirudi hata baada ya vita kutufukuza wote kijijini. Mwanamuke mumoja alikileta ametembea siku mbili, na sisi tulikuwa tumeshasahau.

Jumatatu moja nikafika kazini, robine iko uchi. Tiyo iko pale, mume hayuko, muke hayuko. Nikamwambia shefu wa depo, yeye ndiye anachunga vyombo vyote. Akangoja apeli ya asubuhi, saa ile wafanyakazi wote tunasimama mustari tukiitwa majina, ndipo akaniita mbele.

“Muzee, rakori iko wapi?”

“Na mimi ndiyo nauliza, shefu. Ijumaa niliiacha kwa robine.”

“Kule Salamabila wachimba zahabu wanavuta maji na motopompe. Rakori namna ile wanaigombania. Umeiuzisha.”

“Salamabila nimefika mara moja maishani, nyuma ya pikipiki, mugongo ukauma siku nne. Nirudi kule juu ya rakori?”

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

“Ile alama chini yake, nani aliipiga?”

“Ni mimi.”

“Mumesikia? Mutu anaweka alama kwa kitu chake. Huyu muzee alishaanza kuifanya yake zamani. Mwizi! Toka, na usirudi mpaka uilete.”

Nataka kusema kweli yote. Sabuni, nimeshachukua. Vile vipande vinavyobaki, vidogo kama kucha, nilivitia mufukoni nikapelekea mama watoto, na kama iko dhambi nitaijibu kwa Mungu. Lakini rakori? Niibe mukono wangu mwenyewe? Na ile alama niliyoipiga ili isipotee ndiyo inanifunga! Nilitembea mpaka nyumbani nikiongea peke yangu njiani, watoto wa shule wakanifuata wakifikiri nimelewa.

Kazi ingeweza kwenda, mimi ni muzee, ningerudi kwa mihogo yangu. Lakini kanisani ni mimi ninapitisha kikapu cha sadaka, miaka mingi sasa. Jumapili ile muzee wa kanisa akanikuta mulangoni, akakishika kikapu kwa mikono miwili, akasema polepole, “Ndugu yangu, leo pumuzika kidogo. Mwengine atapitisha.” Hakusema juu ya nini. Nikakaa benchi la nyuma. Kikapu kikafika kwangu, nikatia sadaka yangu, na nikaona wawili watatu wanaangalia vidole vyangu.

Baada ya misa nikaenda kwa shefu, nimuongeleshe mutu na mutu. Hakuwa nyumbani, alikwenda Nyangwe kutafuta samaki. Muke wake, mama wa heshima, akanipa kiti, naye akaendelea kusukula baraza, akiliosha na tiyo.

“Papa, unawe mikono, nikuletee muhogo,” akasema. Akavuta tiyo kutoka robine ya baraza ninawe, kisha akaisukuma tena mahali pake.

Ka!

Sikio langu likasimama.

“Mama, hiyo naweza kuiona?”

Akanipa. Nikageuza. Nukta moja, mbili, tatu.

“Papa, mbona unaangalia tiyo kama mutoto amerudi safarini?”

“Iko siku ngapi hapa?”

“Bwana alikuja nayo Posho ya wiki iliyopita, kusukula pikipiki yake.”

Posho ni Jumamosi, siku mbili kabla ya ile apeli. Lakini sikuichukua. Nikiichukua, njiani nakutwa nayo, basi mwizi ni mimi kweli. Nikamurudishia. “Mwambie bwana yako muzee wa madirisha alikuja, na alihesabu alama tatu.” Muhogo nilikula. Mama yule hakuwa na kosa.

Kesho yake asubuhi nikaenda kazini, rakori iko kwa robine, inangaa, kama haijatoka. Shefu akanishika bega kando ya depo.

“Papa, tuache hayo. Nilisahau. Anza kazi.”

Alisahau au aliogopa wakubwa, mumuulize yeye. “Umeniita mwizi wapi?” nikamuuliza.

“Papa…”

“Kwa apeli. Basi twende kwa apeli.”

Tukaenda. Akasimama mbele ya mustari, akakohoa, akasema haraka haraka kwa Kifaransa, kitu na kitu na kitu, akafunga kitabu chake. Mama wa kufagia wakaangaliana. Mulinzi mumoja akauliza, “Anasema leo tunapewa sabuni?”

Hapo nilikasirika kupita siku ya kwanza.

“Shefu,” nikasema, na sauti yangu ilifika mpaka barabarani, “mwizi uliniita kwa Kiswahili.”

Mupishi akasema, “Ee. Na sisi tulisikia.”

Akaangalia viatu vyake, akaangalia juu ya etaji, vioo vyote vilikuwa vyekundu kwa vumbi la wiki nzima.

“Muzee hakuiba,” akasema. “Ni mimi niliipeleka kwangu.”

Nikachukua tiyo, nikaisukuma kwa robine, ka!, nikaanza na madirisha ya nyuma. Dirisha la biro ya shefu lilingoja mpaka Alhamisi.

Jumapili muzee wa kanisa akaniletea kikapu mbele ya watu, mikono imenyooka. Mimi ni mukristu, nilikipokea. Lakini nilitafuta miwani kwanza, ingawa kikapu hakisomwi. Nilitafuta mufuko huu, nikatafuta ule, akasimama pale na kikapu chake mpaka wimbo ukaisha.